Miti ya Kuziba Dirisha la Darlene

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Maren Pohlman alikuwa na kawaida ya kutoka kwa mlango wa jikoni na kikombe chake cha kahawa, kavaa joho la kuogea, miguu mitupu, akazunguka uwanja wa nyuma ya nyumba akizungumza na watu ambao hawakuwepo.

"Bwana Fettig, una dakika moja?" aliuambia mlilaki, kichaka cha maua ya zambarau kilichokuwa pembeni. Akatikisa kichwa. Bwana Fettig alikuwa mkuu wake wa kazi maktabani, na sauti ilikuwa imetoka kama ya mtu anayeomba radhi. Akazunguka tena, nyasi zikimlowesha vifundo. "Bwana Fettig, nina jambo kuhusu masomo ya watoto ya kiangazi." Hapo afadhali. Akajaribu tena akiongeza mkono, akaunyoosha mbele kama mtu mwenye hakika na mambo yake.

Alikuwa hivyo tangu utotoni. Neno ambalo hakulisema kwanza peke yake huku akitembea lilimkwama kooni mbele ya watu. Hata kumpigia simu daktari wa meno kulitaka mizunguko miwili. Garrett, mumewe, alikwisha kuzoea. Yeye aliita jambo hilo "kuhutubia taifa", na mke wake alipokuwa nje hakumsumbua.

Asubuhi hiyo ya Mei alikuwa ndiyo kwanza anamjibu Bwana Fettig pingamizi lake la kwanza, simu ikalia mfukoni mwa joho.

"Kipenzi, ni mimi," ilisema sauti ya mama mkwe wake. "Unaongea na nani huko nje?"

Maren aliinua macho. Upande wa pili wa uwanja, kwenye dirisha la juu la nyumba ya nyuma, Darlene alikuwa amesimama na simu sikioni, mkono wa pili akiupunga kwa furaha.

"Na... na mlilaki," Maren alisema.

"Hata mimi huongea na maua yangu. Ila vaa viatu, mwanangu, umande huo una baridi."

Maren alirudi ndani. Kahawa yote aliimwaga kwenye sinki.

Darlene alikuwa ameinunua nyumba ile mwezi Machi. Vern, baba yake Garrett, alikuwa amefariki mwaka juzi, na nyumba ya shambani ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Nyumba iliyopakana mgongo kwa mgongo na ya mwanawe ilipotangazwa kuuzwa, Darlene hakungoja ushauri wa mtu. Watu wote walisema ni bahati iliyoje. Maren naye alisema hivyo hivyo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi. Zamani palikuwa na miti mirefu kati ya nyumba hizo mbili, lakini wadudu waliomaliza miti ya aina ile Ohio nzima waliimaliza na hiyo pia, na mwenye nyumba wa zamani akaikata majira ya baridi kabla ya kuuza. Vikabaki visiki na uwazi.

Wala Darlene hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angekuwa mbaya, Maren angejua la kufanya, au angalau angejua la kuhisi. Simu zake zote zilianza na "nimeona" na zikaishia na chakula mlangoni. Nimeona Garrett hakufunga gereji. Nimeona taa ya bafuni imewaka tangu jana. Nimeona umekula umesimama, kipenzi, tumbo litakuuma. Nusu saa baadaye ulikuwepo mkate mtamu wa zukini, mboga ya jamii ya mung'unye, kwenye ngazi, bado wa moto, umefungwa kwa taulo la jikoni.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Maren hakumwambia mtu. Kwa miaka mitatu ya ndoa hakuwa amewahi kumwita mama mkwe wake kwa jina lolote. "Mama" hakuweza, mama yake mwenyewe alikuwa hai, huko Toledo, na mwenye wivu. "Bi. Pohlman" haikufaa, kwa sababu siku hizi Bi. Pohlman alikuwa yeye mwenyewe. "Darlene" ndilo lililotakiwa, Darlene mwenyewe alilisema siku ya harusi, lakini ulimi ulikataa. Kwa hiyo alipomhitaji alimsogelea, akakohoa kidogo, akangoja ageuke.

Baada ya asubuhi ile alijaribu kuhutubia taifa ndani ya gari lililoegeshwa gerejini. Garini mtu hawezi kutembea. Akajaribu bafuni, lakini sauti ilimrudia kutoka kwenye vigae kama ya mtu mwingine anayemdhihaki. Alivuta mapazia ya jikoni; simu ikalia: nimeona umefunga mapazia, kuna mgonjwa? Alikaa kwenye veranda ya mbao akasogeza kiti hapa, akakisogeza pale, na kila alipokiweka dirisha lile lilimpata. Siku ya mkutano maktabani aliingia bila mazoezi yoyote. Alifungua mdomo kueleza mpango wake wa kiangazi, akasema "Nilikuwa nafikiri," akanyamaza, na mwenzake wa meza ya mbele akaudakia kwa upole na kuumaliza. Bwana Fettig alimshukuru mwenzake.

Jioni ile alimwekea Garrett sahani mezani kwa kishindo kuliko alivyokusudia.

"Ni mama yako. Mwambie wewe."

"Nimwambie nini? Mama, usitazame nje ya dirisha lako mwenyewe?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Atalia, Maren."

"Na mimi je?"

"Wewe hulii. Wewe unazunguka tu." Alimtazama, akaona mzaha haukuenda popote, akaweka uma chini. "Sikiliza. Tupande miti. Mtu akipanda miti kwake nani atamuuliza? Na tukishindwa kabisa, kuna zile nyumba mpya za upande wa mji wa Delaware."

Maren hakutaka nyumba mpya za upande wa Delaware. Aliitaka hii, yenye sakafu inayolia na mlilaki usiojibu. Akaona wazi kwamba ama atapata ukuta wa majani, ama atahama mahali anapopapenda bila kumwambia mtu sababu.

Akaleta vitabu kutoka kazini, akavisoma kwa haraka ya mtu anayetafuta dawa. Mianzi ilikua kwa kasi aliyoitaka, lakini mizizi yake ilipenya chini ya ua na kuchipukia kwa jirani, na jirani huyu hakuhitaji kusaidiwa kuvuka. Mipopla, ile miti mirefu myembamba, ilipanda juu upesi, kisha dhoruba ya barafu ikaivunja, na mizizi yake ikaingia kwenye mabomba ya maji machafu. Vichaka vingi vya ua vilipukutisha majani yote ifikapo Novemba, na Darlene hakuwa mtu wa kupumzika majira ya baridi. Kila alipofunga kitabu alisimama, akaenda dirishani, akapima kwa jicho, akarudi kukaa, akasimama tena.

Mwisho alibaki na thuja, jamaa ya misaiprasi, yenye majani kama magamba na ukijani wa mwaka mzima. Lakini hata hapo palikuwa na ndugu wawili wanaofanana vitaluni kama mapacha. Mmoja aliitwa Zumaridi: mwembamba, nadhifu, unaopendeza machoni na mdomoni mwa kulungu. Wa pili aliitwa Jitu la Kijani. Huo kulungu hawakuupenda sana, na kila mwaka uliongeza futi tatu. Watu walikosea wakachukua mmoja wakidhani ni mwingine, wakaja kujua baada ya miaka mitano, mti ukiwa bado unawafika kiunoni. Maren aliweka kidole kwenye Jitu. Futi tatu. Kiangazi cha tatu angekuwa mtu huru.

Jumamosi alitoka na utepe wa kupimia. Hakuwa hata ameufungua vizuri, Darlene akaja akikatiza visiki vyake, amevaa buti za mpira na kofia ya marehemu Vern.

"Nimeona unapima. Mnajenga?"

"Miti," Maren alisema. "Tunafikiri... miti kidogo. Ya kuziba."

"Ya kumziba nani?"

Maren aliuhisi uso wake ukiwaka. Macho yakakimbia huku na huku yakitafuta pa kutua, yakatua kwenye uwanja wa kando, kwa akina Krug, ambako kulikuwa na beseni kubwa la maji moto lenye povu, na mwenye nyumba ameketi ndani yake.

"Yule," alisema. "Bwana Krug."

Darlene alishika kiuno akacheka hadi kofia ikamteleza. "Ee Mungu, nilidhani ni mimi peke yangu ninayeteseka! Ile kaptura yake, mwanangu! Mtu mzima, tumbo lile, na kitambaa kisichotosha kufutia miwani! Jana kasimama kunipungia mkono nikadhani ataondoka na roho yangu." Akamshika Maren mkono. "Tutampandia miti huyo. Twende kitaluni sasa hivi. Mimi naijua miti, nimeishi shambani miaka arobaini."

Hivyo ndivyo Maren alivyojikuta ndani ya gari la Darlene akienda kununua miti ya kumziba Darlene.

Kitaluni thuja zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, mizizi imefungwa kwa magunia, hewa inanuka maji na samadi. Maren aliliona Jitu la Kijani kwa mbali na moyo ukampiga. Alikohoa kidogo. Darlene hakugeuka, alikuwa anapapasa Zumaridi kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

"Hizi. Tazama zilivyochongwa. Yale mengine ni majitu, hayana adabu, yatakufunika hadi jua ulikose."

"Nilikuwa nafikiri," Maren alianza.

"Eeh?"

"Hizo... hazikui taratibu sana?"

"Kitu kizuri hakina haraka, kipenzi. Krug hakimbii." Na alisema hivyo akiangalia majani, si Maren.

"Sawa," Maren alisema.

Alilichukia neno hilo njia nzima ya kurudi. Miti tisa ya Zumaridi ingeletwa Jumamosi ijayo. Jumapili yote alishika simu mkononi ili apige kubadilisha, na hakupata pa kufanyia mazoezi ya kusema hivyo.

Angalau mahali pa kupanda alikuwa bado hajapasalimisha. Kule Ohio hakuna anayechimba shimo kabla ya kupiga simu ili nyaya na mabomba ya chini yawekewe alama, na mpiga simu huambiwa achore kwanza kwa rangi nyeupe sehemu anayotaka kuchimba. Darlene alipokwenda misani, Maren alitoka na kopo la rangi. Alichora mstari moja kwa moja nyuma ya uwanja, kutoka pembe hadi pembe, mbele ya dirisha lile la juu, akatupa kopo kwenye pipa na kukimbilia ndani kama mwizi.

Mafundi walikuja wakanyunyiza rangi zao na kuchomeka vibendera: vya njano kwa gesi, vya rangi ya chungwa kwa simu, vyekundu kwa umeme. Darlene alikuja jioni hiyo hiyo. Alisimama kando ya mstari mweupe, mikono mfukoni.

"Hawa watu wamekosea," alisema. "Krug yuko kule."

Maren aliutazama mstari. Ulikuwa wake, umepinda kidogo pale alipopiga chafya.

"Labda wamekosea," alisema.

"Labda?"

"Wamekosea."

Darlene aliigusa rangi nyeupe kwa ncha ya buti, akasema, "Basi nitawapigia waje tena." Akawapigia. Wakaja, wakaweka alama nyingine upande wa Krug, na kufikia katikati ya wiki uwanja mzima ulikuwa na vibendera vya kila rangi kama mahali pauzwapo magari yaliyotumika. Bwana Krug, akiwa ndani ya povu lake, aliuliza kama kuna sherehe.

Ijumaa Garrett akakata nyasi. Hakuna kifo wala harusi ambayo ingemzuia Garrett Pohlman kukata nyasi siku ya Ijumaa. Aling'oa vibendera vyote, akapitisha mashine, akavirudisha. Maren aliuliza kama amevirudisha palepale. "Karibu na palepale," Garrett alisema.

Jumamosi miti ikashushwa mbele ya gereji, tisa, mifupi kuliko alivyoikumbuka. Garrett akachukua pikapu kwenda kununua matandazo. Maren aliingia ndani mara moja tu kutafuta glavu, na alipotoka alimkuta Darlene amekwisha kuanza upande wa Krug, koti kalitupa kwenye ua, koleo lake refu la shambani mkononi, lile la ncha kali ambalo Vern alikatia mizizi. Alikuwa amesimama mbali na vibendera vya njano, kama inavyotakiwa. Lakini kwenye nyasi zilizokatwa Maren aliona mabaki ya rangi, vidoa hafifu vya njano, na vidoa hivyo havikwenda vilikokwenda vibendera. Vilipita chini ya buti za Darlene.

Darlene aliinua koleo juu kwa mikono miwili.

Maren akafungua mdomo na hakukuwa na jina ndani yake. Alikohoa. Alikohoa kweli, kikohozi chake kile cha miaka mitatu, na koleo likaanza kushuka.

"DARLENE!"

Sauti hiyo hakuijua. Ilikwenda hadi barabarani. Bwana Krug alisimama wima katika maji yake. Koleo lilipinda hewani likachoma nyasi kando, na Darlene akabaki ameliegemea, mdomo wazi.

"Gesi," Maren alisema akihema. "Garrett alivihamisha. Bomba liko chini yako."

Darlene aliangalia chini, akaona vidoa vya njano. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akajikalisha kwenye toroli tupu. Akaibana mikono katikati ya magoti.

"Huyo mwanangu na nyasi zake," alisema. Kisha, baada ya kupumua: "Ungeniacha nilipuke, usingekuwa na haja ya miti."

Maren alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Nini?"

"Ule mstari mweupe, kipenzi. Ulionekana kama wa uwanja wa mpira. Nilirudi kutoka kanisani nikapanda juu kuvua viatu, nikauona. Huwa niko juu. Unajua huwa niko juu."

"Lakini ulisema wamekosea."

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kuniambia hawakukosea." Darlene alivua kofia, akapapasa ukingo wake. "Na kabla ya hapo nilijua. Mtu hapimi nyuma ya nyumba kwa ajili ya jirani wa kando. Nilijua kitaluni. Zumaridi hukua shubiri kwa mwaka, na kulungu wakiipitia ndiyo basi. Vern alizipanda kando ya ghala, akafa hazijamfika begani. Nikapiga hesabu. Nikaona zitakaponifikia dirishani, mimi mwenyewe sitakuwa na kazi na dirisha."

Alisema hivyo bila kulia. Garrett alikuwa amekosea hata hapo. Maren alitamani alie, ingekuwa rahisi, angemkumbatia na kusema sawa, zipandwe kwa Krug, na mambo yangekwisha.

"Tangu Vern aondoke," Darlene alisema, "asubuhi ndiyo mbaya. Nikikuona umetoka na kikombe chako nasema, haya, kuna mtu ameamka." Alisimama, akalichomoa koleo ardhini, akamnyooshea mpini. "Haya. Niambie tuchimbe wapi. Ukisema kwa Krug, nitapanda kwa Krug na sitalitaja tena maisha yangu yote. Lakini uniambie wewe, kwa mdomo wako."

Maren alilishika koleo. Mpini ulikuwa na joto la mikono ya mwenzake. Miguu ilitaka kuzunguka. Alihisi kabisa ikitaka kwenda hadi kwenye mlilaki na kurudi, mara mbili, mara tatu, hadi maneno yakae sawa. Darlene alimngoja, nywele nyeupe zimemlalia usoni kwa jasho, hana kofia. Krug alikuwa bado amesimama kwenye beseni lake, na hakuna aliyemtazama.

Maren alitembea hadi nyuma ya uwanja, hadi kwenye mstari wake uliopinda, akachomeka koleo mbali na kila kibendera na kila doa la rangi. Akageuka.

"Hapa," alisema. "Si kwa Krug. Krug hata simwoni. Hapa, kati ya dirisha lako na mimi. Na hizi Zumaridi sizitaki, Jumatatu nitazirudisha mwenyewe, nataka yale majitu, yakue haraka, yafunike kila kitu." Sauti ilimpasuka katikati, akaiacha ipasuke. "Sitaki unione asubuhi. Sitaki mtu yeyote anione, ila wewe hasa, kwa sababu wewe ukiniona unapiga simu, na mimi huwa naongea peke yangu huko nje, kwa sauti, na mikono, kama mwehu, nisipofanya hivyo siwezi kusema na watu, nimeshindwa kusema na watu tangu asubuhi ile uliponipigia simu. Jioni njoo. Njoo kila jioni ukitaka, gonga mlango, nitakufungulia na nitafurahi, sikudanganyi. Lakini asubuhi ni yangu, Darlene. Nipe asubuhi."